Fundi Naye Husoma

(Haya ni mazungumzo ya fundi uashi mmoja mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Magamba, Mpanda. Tumeyaandika kama alivyoyasema.)

 

Nimeombwa nizungumze habari ya kusoma kwa ajili ya mtihani wa kazi huku mtu anaendelea na kazi. Mimi si mwalimu. Mimi ni mwashi. Mikono yangu mnaiona, imekaukia saruji. Lakini jambo hili nimelipitia, nikaanguka, nikainuka. Basi nitawaeleza nililoliona.

Nianze na baba yangu. Mwezi wa Agosti 1975 taifa letu lilifanya mtihani wa kisomo kwa watu wazima. Mtihani ule ulikuwa na hatua nne. Hatua ya nne ndiyo ya mtu anayetumia kisomo katika maisha yake. Baba yangu alikuwa mkulima. Siku ya mtihani alitoka shambani, akaegemeza jembe mlangoni pa darasa, akaingia, akaandika. Alipomaliza alichukua jembe lake akarudi shambani. Hakuacha kulima ili asome, wala hakuacha kusoma ili alime. Nilikuwa mdogo, lakini lile jembe mlangoni sijalisahau.

Mimi mwenyewe shule niliiacha nikiwa darasa la nne. Nikawa saidia fundi: kuchota maji, kukoroga udongo, kupandisha matofali. Baada ya miaka mitatu nikapewa mwiko. Baada ya mitano nikaitwa fundi. Nikajenga nyumba nyingi hapa Magamba na vijiji vya jirani. Nilijiona nimemaliza. Kumbe bado.

Siku moja alikuja mkandarasi mmoja kutafuta mafundi wa kujenga madarasa. Alituuliza swali moja tu: "Nani ana cheti?" Tulikuwa mafundi tisa. Wawili wakanyoosha mkono. Wale wawili wakaandikwa mafundi. Sisi saba tukaandikwa vibarua. Kazi ile ile, jua lile lile, lakini malipo yetu yalikuwa nusu ya malipo yao. Na mmoja wa wale wawili, mimi ndiye niliyemfundisha kushika timazi!

Jamani, niliumia. Usiku nikamwambia mke wangu, "Nami nitafanya mtihani." Akaniuliza, "Utasoma saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Na hilo ndilo swali kubwa la mazungumzo yetu ya leo.

Kwanza niwaeleze mtihani wenyewe. Wakati ule uliitwa jaribio la ufundi. Madaraja yalikuwa matatu. Daraja la 3 lilikuwa la chini, na daraja la 1 lilikuwa la juu. Siku hizi wanahesabu ngazi, na hesabu imegeuka: ngazi ya 1 ndiyo ya kuanzia, ya 3 ni ya juu zaidi. Msichanganye, maana mtu anaweza kujivunia namba isiyo yake. Mamlaka iliyosimamia mambo haya wakati ule ilikuwa VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mtihani una sehemu mbili: kazi ya mikono, na maswali ya kuandika.

Mwaka 1998 nikaenda. Nilipanda treni la Mpanda, nikapita Kaliua mpaka Tabora. Nauli niliazima. Kazi ya mikono niliifanya vizuri sana. Ukuta wangu ulisimama kama mnazi. Nikajisemea, "Basi nimeshapita."

Kesho yake ikaja karatasi. Ndugu zangu, ile karatasi! Kusoma nilijua, lakini nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Nilisoma swali la kwanza mara tatu. La pili mara nne. Nilipofika swali la tano, msimamizi akasema, "Wekeni kalamu chini." Nikaanguka. Nikarudi Mpanda na deni la nauli.

Kwa muda wa mwezi mmoja watu waliponiuliza, nilisema majibu hayajatoka. Ilikuwa ni uongo. Majibu nilikuwa nayo mfukoni. Nilificha kwa sababu niliona aibu. Baadaye mke wangu aliyaona alipokuwa akifua suruali. Hakunicheka. Aliniambia, "Wewe kazi unaijua. Karatasi ndiyo huijui. Basi tujifunze karatasi." Mke wangu alimaliza kisomo miaka miwili kabla yangu, nami nilikuwa sijapata kumwomba anisaidie. Kiburi cha mwanamume hicho!

Tukaanza. Nitawaeleza tulivyofanya.

La kwanza ni muda. Wengi husema, "Nikipata nafasi nitasoma." Nafasi haiji. Mwezi wa Mei mpaka Oktoba ni kiangazi, na kiangazi ndipo watu hujenga. Mvua zikianza Novemba ujenzi hupungua, lakini shamba la mahindi nalo linaita. Basi tulichukua nusu saa tu kila siku, saa kumi na moja alfajiri, kabla sijashika mwiko. Usiku nilishindwa. Mtu aliyebeba zege kutwa nzima akifungua daftari baada ya ugali, daftari linakuwa mto wa kulalia.

Nusu saa mnaiona ndogo? Tupige hesabu. Siku sita kwa juma ni saa tatu. Miezi sita ni majuma 26. Mara tatu, inakuwa saa 78. Ni kama kukaa darasani saa sita kwa siku, siku 13 mfululizo. Na kazi sikuacha hata siku moja.

La pili, nilileta kazi katika daftari, na daftari katika kazi. Kila siku niliandika jambo moja nililolifanya. Kwa mfano: "Leo tumejenga ukuta wa mita 6 kwa mita 3." Jioni nahesabu. Sita mara tatu ni mita za mraba 18. Tofali la saruji la inchi 18 kwa 9, mita moja ya mraba hula kama matofali 10. Basi ukuta unataka matofali 180. Kuna mlango, nao unakula kama mita 2 za mraba. Toa matofali 20. Yanabaki 160. Zamani nilikadiria kwa macho, na tajiri akinunua mengi au machache tunagombana. Sasa namwambia kabla hajatoa fedha.

Hali kadhalika ramani. Zamani nikiona ramani naiona kama nyayo za kuku. Nikajifunza maana ya 1 kwa 100. Sentimita moja katika karatasi ni mita moja juu ya ardhi. Chumba cha sentimita 4 kwenye karatasi ni chumba cha mita 4. Basi! Jambo lililonitisha miaka kumi lilikuwa jambo la asubuhi moja.

Vile vile niliona kwamba mambo mengine nilikuwa nayajua ila sikuyajua jina. Kupima kona kwa uzi: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari ukitoka 5, kona imenyooka. Hilo nilifundishwa na fundi wangu, naye hakuwahi kuingia darasani. Karatasi ya mtihani iliuliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Kwa hiyo msidhani mnakwenda kuanza upya. Nusu ya mtihani mnayo tayari mikononi.

Lakini nusu nyingine, ndugu zangu, mimi sikuwa nayo. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Asubuhi moja mke wangu alinisomea swali: "Katika linta ya juu ya dirisha, nondo hukaa wapi, na kwa nini?" Nikajibu upesi, "Hukaa chini." Akasema, "Kwa nini?" Nikasema, "Ndivyo tunavyofanya." Akasema, "Hilo si jibu."

Nikaenda kumwuliza fundi mmoja mwenye cheti. Akavua ndala yake kuukuu. Akaikata kwa kisu mikwaruzo midogo midogo, juu na chini. Akailaza juu ya matofali mawili, kama linta juu ya dirisha. Akaniambia, "Bonyeza katikati." Nikabonyeza. Mikwaruzo ya chini ikafunuka kama midomo. Ya juu ikafumba. Akasema, "Umeona? Mzigo ukikaa juu, upande wa chini unavutwa. Zege ni gumu ukilikandamiza, lakini ukilivuta linakatika. Ndiyo maana tunaweka chuma upande unaovutwa."

Kisha akashika ile ndala kwa kisigino, upande mmoja tu, ncha ikaning'inia. Akasema, "Hiki ni kibaraza cha zege kinachotokeza juu ya mlango, hakina nguzo. Bonyeza ncha." Nikabonyeza. Safari hii mikwaruzo iliyofunuka ilikuwa ya JUU.

Nikanyamaza. Mwili ukaniingia baridi.

Miaka miwili nyuma nilikuwa nimejenga kibaraza cha namna hiyo kwa mzee mmoja, si mbali na hapa. Nondo nilizilaza chini, kama za linta. Niliamini nondo ni chini siku zote. Na chini ya kile kibaraza wajukuu wa yule mzee walikuwa wakicheza bao la vishimo kila jioni.

Usiku ule sikulala. Niliwaza mengi. Niliwaza, hakuna ajuaye ila mimi. Niliwaza, nikisema, nani atanipa kazi tena? Niliwaza pia, hakijaanguka kwa miaka miwili, labda hakitaanguka. Lakini macho nikifumba naona vile vichwa vya watoto.

Alfajiri sikufungua daftari. Nilikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kudai? Mbona nilikumalizia fedha yako yote?"

"Sikudai, mzee. Nimekuja kuvunja."

"Kuvunja nini?"

"Kibaraza. Nilikosea."

Nikapanda ngazi nikatazama juu. Pale kibaraza kinapoungana na ukuta palikuwa na ufa mwembamba, kama unywele, kutoka upande huu mpaka ule. Nikamwita mzee akaupapasa kwa kidole. Hakusema kitu. Aliwaita wajukuu wake wote wakaondoka pale, kisha akakaa chini ya mwembe akawasha kiko.

Siku ile ile niliegesha nguzo mbili. Juma lililofuata nilivunja, nikajenga upya. Nondo nikaziweka juu, nikazirudisha ndani na kuzifunga pamoja na nondo za linta ya ukutani, zege moja la saruji, mbili mchanga, nne kokoto. Nikalimwagia maji siku saba, na nguzo nikaziacha mwezi mzima. Mifuko miwili ya saruji na nondo nilitoa mfukoni mwangu. Ilikuwa ni fedha niliyoiweka kwa nauli ya mtihani.

Nilipomaliza, mzee aliniambia maneno haya: "Mafundi wengi wamenijengea. Wewe ndiye wa kwanza kurudi." Kisha akanipa jogoo. Nilimwuza yule jogoo, ikawa mwanzo mpya wa nauli.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tangu siku ile sikusoma tena kwa ajili ya yule mkandarasi, wala kwa ajili ya malipo peke yake. Nilisoma kwa ajili ya wale watoto. Cheti ni karatasi. Lakini maarifa yanayopimwa kabla ya kupewa karatasi, hayo ndiyo yanayozuia zege lisimwangukie mtu. Ndiyo sababu nasema mtu asinunue cheti. Wapo wanaouza vyeti vya uongo mijini. Ukinunua utapata kazi, ndiyo. Lakini ufa utabaki pale pale, na safari hii hutaujua.

Niendelee na mambo tuliyofanya.

La tatu, sikusoma peke yangu. Tulikuwa waashi watatu. Mmoja aliweza hesabu. Mmoja aliweza kuchora. Mimi nilikuwa hodari wa kuuliza. Jumapili alasiri tulikutana kwa saa moja, kila mtu anamfundisha mwenzake lile analoliweza. Mtu akieleza jambo mpaka mwenzake aelewe, na yeye mwenyewe ndipo hulielewa.

La nne, tulisoma kwa saa. Hili ndilo lililoniangusha mara ya kwanza. Mke wangu aliandika maswali kumi, akaweka saa mezani, akasema, "Anza." Muda ukiisha ananyang'anya karatasi, nimemaliza au sijamaliza. Nilikasirika sana siku za kwanza. Baada ya miezi mitatu nilimaliza nikabakiwa na dakika. Nilijifunza pia kusoma maswali yote kwanza, kuanza na yale ninayoyaweza, kisha kurudi kwa magumu. Kazi haikatazi kuanza na tofali lililo karibu.

La tano, tulipatana nyumbani. Nusu saa yangu ya alfajiri ilikuwa ni nusu saa ya mtu mwingine kuchota maji na kuwasha moto. Haifai mmoja asome na mwingine azidiwe na kazi. Tulipatana hivi: mimi nachota maji jioni nikitoka kazini, yeye apate kupumzika. Majirani walicheka wakiniona na ndoo. Waliacha kucheka baadaye.

La sita, nilimweleza mapema tajiri niliyekuwa namjengea. Nilimwambia mwezi mzima kabla kwamba siku fulani mpaka siku fulani sitakuwapo. Nikamwachia fundi mwenzangu. Mtu akitoroka kazini ili afanye mtihani, anarudi na cheti lakini kazi haipo.

La saba, fedha. Kila malipo niliyopata, kidogo kiliingia kwenye kopo kabla sijapita sokoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Na la nane, siku ya mwisho kabla ya mtihani sikusoma kitu kipya. Nilinoa penseli, nikafunga mwiko, timazi, pima maji na futi ya kamba katika gunia, nikala ugali na migebuka, nikalala mapema.

Mwaka 1999 nikarudi Tabora. Karatasi nilimaliza. Kulikuwa na swali la nondo. Niliandika wapi hukaa, na kwa nini. Nikachora na ile ndala. Sijui msahihishaji alifikiri nini. Lakini nilipita, daraja la 3.

Siku ile nilipopata cheti, wakati huo mkoa wetu ulikuwa bado Rukwa. Katavi ilianza mwaka 2012. Nilikipeleka kwanza kwa mzee wa kibaraza. Akakishika juu chini, maana yeye hakujua kusoma, akasema, "Hiki ndicho kilichokufanya urudi?" Nikasema, "Hapana, mzee. Nilirudi kabla ya hiki." Akasema, "Basi kiweke vizuri, lakini usikitegemee kuliko ulivyojitegemea siku ile."

Ndugu zangu, siku hizi njia zimeongezeka. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kuomba VETA impime kwa ujuzi alionao. Jambo hilo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Wapimaji huangalia kazi yako, hukuuliza maswali, na penye pengo unafundishwa kwanza. Si waashi tu: wapo maseremala, mafundi magari, wapishi na wengineo. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe ukaulize. Au nenda Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Msaginya. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, mwaka ule ule wa mtihani wa baba yangu, kwa ajili ya watu wazima kama sisi. Uliza mambo matatu: ninapimwa katika mambo gani, lini, na kwa gharama gani. Andika majibu. Usitegemee kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Mtu asiseme amechelewa. Mimi nilikuwa na watoto wanne. Mtu asiseme pia kwamba kazi inamzuia kusoma. Kazi ndiyo darasa lenyewe, ila darasa lisilo na daftari husahau.

Leo mnapotoka hapa, wengine mnakwenda shambani, wengine machimboni, wengine sokoni. Chukueni majembe yenu na vikapu vyenu. Lakini na daftari liwemo.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini fundi alianguka mara ya kwanza, ingawa kazi ya mikono aliiweza?

2. Kama wewe ungekuwa fundi huyu, ungekwenda kwa mzee au ungenyamaza? Eleza sababu.

3. Ukuta una urefu wa mita 5 na kimo cha mita 3. Hauna mlango wala dirisha. Utahitaji matofali mangapi, kama kila mita ya mraba hula matofali 10?

4. Katika siku yako ya kazi, nusu saa ya kusoma unaweza kuipata wapi? Ni nani nyumbani utakayepatana naye?